"Docta, hiyo ngoma unampigia nani?"

Mzee mmoja wa Kadutu, mtaa wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, aliniuliza hivyo nilipokuwa nagongagonga mgongo wake kwa kidole. Wanafunzi wangu wa uuguzi wakacheka. Mimi swali lilinikaa wiki nzima, maana kwenye daftari zao kitendo kile kimeandikwa kwa Kifaransa, "percussion", na neno hilohilo wanalisikia kila Jumapili kwa wapiga ngoma wa kwaya.

Asili yake ni Kilatini, percutere: per, kupenya hadi ndani, na quatere, kutikisa. Basi si pigo tupu, ni mtikisiko unaoingia. Kiswahili ndicho kinachonitesa hapo. Tunapiga ngoma, sawa, lakini tunapiga pia gitaa, filimbi, simu, picha na pasi! Ukiziita ala za percussion "ala za kupigwa" umebeba bendi nzima. "Ala za kugongwa" ni afadhali, ila inaacha nje kayamba na njuga, ambazo wanamuziki huzihesabu humo. Na wana haki nazo: zinatikiswa, kama shina la Kilatini linavyotaka. Likembe, kile kibao chenye vijiti vya chuma, hudonolewa kwa vidole gumba, basi naiacha nje, ingawa najua nitagombana na watu.

Maana ya bunduki, chuma kugonga risasi ilipuke, naipita. Hapa Bukavu nani anahitaji kufafanuliwa?

Maana ya hospitali ilianzia Vienna, Austria. Mwaka 1761 daktari Leopold Auenbrugger alichapisha kitabu kuhusu kugonga kifua cha mgonjwa na kusikiliza. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni mjini Graz, na husimuliwa kwamba kijana aliona mapipa ya divai yakigongwa ili kujua kinywaji kimefika wapi. Muuza kasiksi, pombe ya ndizi, wa hapa hufanya vivyo hivyo na bidoni lake, yaani dumu. Madaktari wenzake wengi hawakumjali Auenbrugger mpaka mwaka 1808, Jean-Nicolas Corvisart, daktari wa Napoleon, alipokitafsiri kitabu hicho kwa Kifaransa.

Auenbrugger aligonga kifua moja kwa moja. Sisi tunalaza kidole cha kati cha mkono wa kushoto kati ya mbavu, kikibana vizuri, kisha tunakigonga kwa kidole cha kati cha kulia, mara mbili, kwa kifundo cha mkono na si kwa bega (wanafunzi hupiga kama wanatwanga sombe, majani ya muhogo). Pafu zima lina mwangwi. Juu ya ini sauti hufa. Palipo na maji hufa zaidi, kama kugonga ukuta. Tumbo lenye hewa nyingi hutoa sauti tunayoiita timpaniki, kutoka tympanum, yaani ngoma. Kwa hiyo mzee alikuwa amelitaja neno la kitabuni bila kukifungua.

"Naipiga nijue inalia wapi, mzee," nikamjibu.

Chini, upande wa kulia, haikulia. Tukamwandikia picha ya radio, yaani eksirei.