Drifti: kijiti cha gemu kinapojiendea chenyewe

Umeiweka mashine ya gemu mezani, hakuna mkono juu yake, lakini mchezaji wako kwenye kioo anatembea kushoto taratibu, anafika ukutani na bado anasukuma. Hiyo ndiyo drifti. Neno limeazimwa kwa chombo kinachochukuliwa na mkondo: nahodha hajagusa usukani, ila jahazi linasogea.

Wengi hudhani programu imeharibika. Mara nyingi sivyo. Kumbuka redio ya zamani, ile ambayo ukizungusha kitufe cha sauti inakwaruza, krr krr, na inabidi ukitafutie mahali "inapokubali". Ndani ya kitufe kile kuna potensiometa: njia nyembamba iliyopakwa kaboni, na ulimi mdogo wa chuma unaoteleza juu yake. Ulimi ukisogea, ukinzani wa umeme unabadilika, na volti inayosomwa nayo inabadilika. Kijiti cha gemu, kile unachokisukuma kwa kidole gumba kumwendesha mchezaji, kwa kawaida kina potensiometa mbili, moja ya kushoto na kulia, nyingine ya juu na chini. Kikiwa wima, volti inayosomwa ni kama nusu ya volti kamili, na mashine inaelewa kwamba hujakigusa.

Sasa mpe kijiti hicho kijana anayecheza gemu ya mpira kila akitoka shule. Ulimi unasugua kaboni ile ile maelfu ya mara, na kila safari ya kijiti huanzia katikati na kurudi katikati. Kaboni inalika, unga wake unasambaa, vumbi linaingia, springi ya kukirudisha nayo inachoka. Mwisho kijiti kimesimama wima kabisa, lakini volti si ile ya nusu tena. Mashine haikioni kidole chako. Inasoma volti tu, na inatii.

Kitufe cha kawaida hakina ugonjwa huu. Chini yake kuna kibonye cha mpira chenye kaboni kinachogusa bodi: ama kimebonyezwa, ama hakijabonyezwa. Kikiharibika kinagoma kuitika au kinanasa, mara nyingi kwa sababu ya soda iliyomwagika.

Drifti imewakumba watengenezaji wengi, ila iliyovuma zaidi ni ya Nintendo. Mashine yake ya gemu, Switch, ilitoka Machi 2017, na malalamiko kuhusu vidhibiti vyake, Joy-Con, yakaongezeka mwaka hadi mwaka. Julai 2019 wateja walifungua kesi Marekani. Juni 2020 rais wa kampuni, Shuntaro Furukawa, akawaomba radhi wateja alipoulizwa na wanahisa. Joy-Con angalau inachomoka, ukaweka nyingine. Switch Lite ya Septemba 2019 vijiti vyake vimejengewa humo humo, kwa hiyo kimoja kikiugua, mashine nzima inakwenda kwa fundi. Kutoa muundo huo wakati kilio cha drifti kimeshasikika, mimi naona ilikuwa kumtupia mnunuzi mzigo.

Watu hukimbilia kwanza kwenye mipangilio, kusawazisha kijiti upya. Hapo unaifundisha mashine katikati mpya, na inaweza kusaidia kwa muda, lakini kaboni iliyolika hairudi. Njia nyingine ni kupanua eneo mfu, yaani ile sehemu ya katikati ambayo mashine inaambiwa iipuuze. Drifti inajificha, ila na misogeo midogo ya kidole inapotea nayo. Kwenye gemu za kulenga shabaha utaijutia. Kupuliza vumbi au kutia tone la alkoholi ya kusafishia vifaa kunafaa ikiwa tatizo ni uchafu. Kama ni kulika, kinabadilishwa kijiti, basi.

Kuna vijiti visivyosuguana. Vinatumia sumaku na kihisio kinachopima nguvu yake, kwa kanuni aliyoigundua Mmarekani Edwin Hall mwaka 1879. Wala si jambo geni kwenye gemu: kidhibiti cha mashine ya Sega Dreamcast, iliyotoka Japani mwaka 1998, kilikuwa na sumaku hizo. Vijiti vya potensiometa viliendelea kutawala kwa kuwa ni rahisi kwa bei. Leo mafundi wanaweza kukuwekea vya sumaku kwenye Switch au Steam Deck, mradi kipuri kiwe cha mashine yako hasa. Springi bado imo, na yenyewe inaweza kuchoka, lakini hakuna tena kaboni ya kulika.