Serikali ikifuta kurasa za afya, mahakama inaangalia nini hasa?

Wengi mnatuuliza huku kitengo cha sheria, hivi serikali si ndo yenye website, ikiamua kufuta vitu vyake nani wa kuikataza? Marekani swali hilo lilifika kwa majaji mwaka 2025.

Januari 20 Trump alisaini amri ya kutambua jinsia mbili tu. Januari 29 OPM, ofisi inayosimamia watumishi wa serikali kuu, ikatuma memo kwa idara zote kwamba mpaka saa kumi na moja jioni Januari 31 kila kitu cha mtandaoni chenye "itikadi ya jinsia", yaani wazo kwamba mtu anaweza kuwa na jinsia tofauti na ya kuzaliwa, kiwe kimetoka. Siku mbili! Kurasa zote zile watu wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, wangezisoma saa ngapi? Wakafyeka tu, zikaenda takwimu za HIV, maelekezo ya PrEP (dawa za kujikinga na HIV), mwongozo wa uzazi wa mpango, mpaka ule utafiti wa tabia za wanafunzi wa sekondari. Huko Chicago kulikuwa na daktari anapambana na mlipuko wa klamidia, ugonjwa wa zinaa, kwenye shule moja, anatafuta mwongozo wa CDC, haupo.

Doctors for America, chama cha madaktari, wakafungua kesi Washington Februari 4, na tarehe 11 Jaji John Bates akaamuru kurasa walizozitaja zirudi kabla ya saa sita usiku siku hiyohiyo. Sasa hapa ndo watu wanachanganya mambo, jaji hakuikataza serikali kubadili sera yake, alichokamata ni utaratibu. Sheria ya 1946 inataka maamuzi ya serikali yawe na sababu za maana, na ya 1995 inasema kabla hujaondoa taarifa muhimu watu waambiwe mapema. Vyote havikufanyika, na Julai 3 akaifuta memo yenyewe.

Kwenye kesi nyingine huko Boston njia ilikuwa tofauti kabisa. Madaktari wawili wa Harvard waliondolewa makala zao kwenye tovuti ya serikali ya usalama wa wagonjwa, na moja inahusu endometriosisi (ugonjwa wa tishu za mji wa mimba kuota nje yake), kosa lake ni sentensi moja iliyotaja watu waliobadili jinsia. Wao walidai uhuru wa kujieleza, Mei Jaji Leo Sorokin akaamuru zirudishwe.

Ila kurudi si kurudi kamili, kurasa nyingine za CDC zilirudishwa na bango juu linalosema serikali inaukataa ukurasa huo huo. Kwa hiyo kama unautegemea kazini angalia umepitiwa lini mara ya mwisho, na kopi yako weka pembeni.