Kantri ya Majonzi: Sikiliza Fidla Zinaingia Lini

Nikisema napiga fidla na napenda kantri ya zamani, hapa Kenya jina la kwanza kutajwa ni Jim Reeves. Sishangai. Sauti yake imekaa redioni kwetu miaka na miaka, na kipindi cha Sundowner cha KBC kimewalaza wengi kwa nyimbo za aina hiyo. Ila mtu akitaka kantri ya huzuni yenye fidla tele, mimi simwanzishi na Reeves. Wimbo wake uliovuma kuliko yote, "He'll Have to Go" wa 1959, hauna fidla hata moja. Kuna piano, vibrafoni, besi, waitikiaji, na mwanamume anayebembeleza kwenye simu kwa sauti ya chini kabisa. "Distant Drums" ndio wenye fidla, lakini zilibandikwa baada ya Reeves kufa kwenye ajali ya ndege Julai 1964, juu ya demo, yaani rekodi ya majaribio, aliyomrekodia mtunzi Cindy Walker. Ulishika namba moja Uingereza mwaka 1966. Mimi kila nikiusikiliza nasikia mshono: mwimbaji hakuziachia fidla nafasi, maana hakujua kama zinakuja.

Na nafasi ndiyo kila kitu. Fidla nimejifunzia kwenye taarabu, Mombasa, na kule zina kazi inayojulikana: mwimbaji akimaliza mshororo, zinampokea na kuurudia, kila mmoja anajua zamu yake. Katika kantri hii zinakaa nyuma, zinashika noti ndefu, hazimkatizi mtu. Kwa hiyo swali langu kwa kila wimbo ni moja: fidla zinaingia lini, na zinatoboa siri gani ambayo mwimbaji anaificha? Wanaoimba nyimbo hizi ni waongo wakubwa. Anakwambia amepoa, amesahau, hana neno. Fidla zinamuumbua.

Zilifikaje huko? Kwa sababu ya pesa, hakuna haja ya kuficha. Rock 'n' roll ilipolipuka mwaka 1956, kantri ilianza kukosa wanunuzi na nafasi redioni. Huko Nashville, Marekani, maprodyuza Chet Atkins wa kampuni ya rekodi ya RCA na Owen Bradley wa Decca wakaanza kuondoa fidla ya kijijini, ile inayokwaruza kwenye dansi, pamoja na gitaa la kuteleza, wakaweka kwaya laini na wapiga fidla waliozoea kusoma nota za orkestra. Inasimuliwa kwamba Atkins alipoulizwa huo mtindo wa Nashville ni nini hasa, alitikisa sarafu mfukoni. Wakereketwa wa kantri ya asili bado wamenuna hadi leo. Mimi nawaambia wanune wakiwa wanasikiliza Patsy Cline.

Anza na "Sweet Dreams" wake. Aliurekodi Februari 1963 katika studio ya Bradley, na tarehe 5 Machi ndege aliyopanda ikaanguka karibu na Camden, Tennessee. Fidla ndizo zinazofungua wimbo, kabla hajatamka neno, kwa hiyo unajua habari ni mbaya wakati yeye bado hajakuambia. Kisha akianza kuimba zinashuka, zinamwachia ukumbi. Angalia anavyochelewa: anaingia nyuma kidogo ya mapigo, anavuta irabu, anazipandisha na kuzishusha mahali ambapo mwimbaji mwingine angepita moja kwa moja. Fidla hazichelewi naye. Zinakwenda na saa yao, na pengo hilo kati ya saa mbili ndilo linalouma. Siku hizohizo alirekodi pia "Faded Love". Ngoja neno la mwisho kabisa: kabla ya kulitamka anavuta pumzi inayosikika wazi, karibu kama kwikwi, na hawakuikata.

Mtunzi wa "Sweet Dreams" ni Don Gibson, huyohuyo aliyetunga "I Can't Stop Loving You". Huo utafute kwa Ray Charles, kwenye albamu yake ya kantri ya 1962, halafu usiishie hapo. Nenda kwenye "You Don't Know Me" uliomo humohumo. Ni kazi ya Cindy Walker na Eddy Arnold, na fidla zimepangwa na Marty Paich. Mwanamume anampenda rafiki yake, anampa mkono kwa adabu, anamtazama akiondoka na mwingine. Basi. Hakuna kinachotokea, na fidla zinalijua hilo tangu mwanzo.

Skeeter Davis wengi mnamjua kwa "The End of the World", uliopanda chati mwaka 1963. Watu huuchukulia kuwa wimbo wa kuachwa na mpenzi, lakini Sylvia Dee, aliyeandika maneno, alikuwa akichota kwenye msiba wa baba yake. Ukishajua hivyo, ule ubeti ambao Skeeter anaacha kuimba na kuanza kusema tu unausikia kivingine.

Sasa Glen Campbell. "Wichita Lineman", 1968. Hapa nitakaa.

Jimmy Webb aliutunga baada ya kuona fundi wa laini za simu juu ya nguzo, peke yake, kwenye tambarare za Oklahoma, barabara imenyooka hadi macho yanachoka. Alipoupeleka aliuona bado haujakamilika. Campbell akaurekodi hivyohivyo. Pale ambapo pangekuwa na ubeti wa tatu, Campbell alipiga gitaa la besi lenye nyuzi sita, noti nzito za chini zinazotetemeka. Mpangilio wa fidla ni wa Al De Lory. Zipandishe sauti usikie zile za juu kabisa: ni zile waya za simu zenyewe zinazovuma kwa upepo. Hazipambi wimbo, ziko ndani ya kisa. Yule fundi anasema anamsikia mpenzi wake kwenye waya, nawe unazisikia hizo waya.

Kuna jambo jingine ambalo wapigaji wenzangu watalipenda. Wimbo unaanza kwenye ufunguo wa F, halafu unahamia upande wa D na haurudi tena nyumbani. Ndiyo maana ukiisha unabaki na kitu kifuani. Si maneno, ni kwamba muziki wenyewe umekuacha barabarani.

Baada ya huo, "He Stopped Loving Her Today" wa George Jones, 1980, unaweza kuonekana kama umezidisha chumvi. Kweli umezidisha. Prodyuza Billy Sherrill hakuwa mtu wa kubania, na Jones mwenyewe aliuona wimbo wa kifo mno, hautauzika. Kuurekodi kulichukua zaidi ya mwaka. Ila sikiliza mpango wake: ubeti wa kwanza umekauka, unadhani ni kisa cha mtu king'ang'anizi tu, na kiitikio kinapofichua kwa nini ameacha kupenda, fidla zinaanza kupanda, ngazi kwa ngazi, na jeneza likitolewa. Baadaye Jones anaongea tu badala ya kuimba, mwanamke akafika msibani. Hata anayechukia fidla kwenye kantri hunyamaza hapo.

Nimesema vibaya fidla za kubandika, kwa hiyo ni haki nitaje kinyume chake. Bobbie Gentry alirekodi "Ode to Billie Joe", kisa cha kijana aliyejirusha kutoka darajani, mwaka 1967 kwa gitaa na sauti yake tu. Jimmie Haskell akaongeza fidla na selo chache baadaye. Haziko nyingi, na zinanong'ona kama jirani mwenye umbea. Mwisho kabisa zinateleza kushuka, na unajua ni nini kinachoanguka kutoka darajani.

Kwa haraka: Ray Price, "For the Good Times", 1970, wimbo wa Kris Kristofferson, wa kusikiliza ukiwa umekaa. Eddy Arnold, "Make the World Go Away", 1965, kwa wasiopenda makelele ya machozi. Brenda Lee, "I'm Sorry", 1960. Alikuwa na miaka 15 tu, na huamini.

Tahadhari moja kwa mnaotafuta mtandaoni: wengi wa waimbaji hawa walirudia kurekodi nyimbo zao miaka ya baadaye kwa kampuni nyingine, na mara nyingi fidla zimegeuka kinanda cha umeme. Jina ni lile, picha ni ileile ya ujanani. Angalia mwaka wa kurekodiwa kabla hujasema wimbo umekuboa.

Na asiyetaka mambo ya kizamani, bado amtafute Bradley. Alitoka kwenye mapumziko ya ustaafu kumtengenezea k.d. lang albamu ya "Shadowland", 1988. Alipofariki mwaka 1998 alikuwa ameanza nyingine ya Mandy Barnett. Ndugu yake Harold akaimalizia, ikatoka 1999 kwa jina "I've Got a Right to Cry". Mimi ningeanza na hiyo ya Mandy.