Ufasaha: Maana Yake kwa Anayesema na Anayeandika

Ufasaha ni hali ya usemi au maandishi kueleweka wazi, kwa maneno sahihi yaliyokaa mahali pake, bila msikilizaji kulazimika kurudi nyuma kutafuta kilichokusudiwa. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, na watunzi wa kamusi za lugha hiyo hulihusisha shina lake na maziwa yaliyoondolewa povu yakabaki safi. Sisi tuliokulia uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala, ambako maji yalifuatwa mabondeni na kupandishwa kichwani, tunaielewa maana hiyo upesi zaidi kwa maji: yanapomiminwa mtungini huwa yamevurugika, nayo huachwa yatuame mpaka tope likae chini, ndipo yachotwe taratibu kwa kata. Nimeandika kwa miaka mingi, na sijapata mfano unaokaribia zaidi kazi ya kusahihisha sentensi.

Wengi huchanganya ufasaha na usanifu. Kiswahili sanifu ni kile kilichowekewa kanuni za pamoja. Kazi hiyo ilishikwa na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki tangu 1930, msingi ukiwa Kiunguja, na hapa Tanzania Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) limekuwapo tangu 1967. Kanuni hizo ninaziheshimu, kwa kuwa ndizo zinazomwezesha msomaji wa Bukoba kukisoma kilichoandikwa Lindi bila mkalimani. Hata hivyo, mtu anaweza kuzifuata zote na bado asieleweke. Kimgao, lahaja ya pwani ya Kilwa, hakikuchaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji, na wasemaji wake hawakupungukiwa na ufasaha kwa sababu hiyo. Lafudhi nayo ni jambo jingine kabisa. Mmakonde anapovuta irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho, anafuata mwendo wa lugha aliyoinyonya kwa mama yake, na kumcheka kwa hilo ni kumwonea, maana alichokisema kimefika.

Adui wa ufasaha ninayemwogopa zaidi ni maneno yanayoonekana ya heshima lakini hayabebi kitu. Siku hizi kila kazi imekuwa “zoezi”, kila shida imekuwa “changamoto”, na hakuna linalofanyika ila “katika mchakato mzima”. Nami nimeyatumia, na ni jirani yangu mmoja, mama mkulima wa korosho, aliyenionyesha nilichokuwa ninakipoteza.

Alikuja jioni moja mwezi wa Desemba akiomba nimwandikie barua. Alikuwa amepeleka magunia manne kwenye ghala la chama chao, korosho zikiwa zimeanikwa vizuri na kukauka. Magunia yalilazwa nje siku mbili yakingoja gari, usiku wa pili mvua ikanyesha, na yalipokaguliwa yakaandikwa daraja la pili, ambalo bei yake ni ya chini. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikaandika kwa heshima na taadhima kwamba mkulima aliyetajwa hapo juu anasikitika kuwasilisha malalamiko yake kuhusu changamoto zilizojitokeza katika mchakato mzima wa uhifadhi na upangaji wa madaraja ya zao husika. Nikamsomea. Alikaa kimya kidogo, akaniuliza kwa adabu:

“Mwalimu, barua ni nzuri. Lakini mvua umeiandika wapi?”

Nilitafuta, haikuwamo. Hayakuwamo magunia manne wala siku mbili za kulala nje. Sarufi ya barua ile haikuwa na kosa, na msamiati wake wote umo katika kamusi, lakini mkaguzi yeyote angeisoma hadi sahihi ya mwisho asijue kilichotokea. Hapo ndipo usanifu na ufasaha vinapoachana. (Wataalamu wa Kiarabu huongeza balagha, yaani kuufanya usemi uoane na hali ya anayeambiwa, barua yangu ilikosa hiyo pia.)

Basi nikachukua karatasi nyingine, nikamwomba aanze upya, na safari hii kazi yangu ikawa kuandika tarehe, hesabu ya magunia na mambo kwa utaratibu yalivyofuatana. Palipohitaji kanuni nilizitia: herufi kubwa, nukta, upatanisho wa ngeli pale ulimi ulipokimbia. Pasipohitaji niliyaacha maneno yake kama alivyoyatamka, nikaona kwamba sentensi zimekuwa fupi bila mimi kuzifupisha, kwa kuwa kila moja ilikuwa na jambo moja la kusema. Tulipofika mwisho nilimwuliza angependa kumalizia vipi. Alitazama uani, mahali mkeka wa kuanikia ulipokuwa umekunjwa, akasema: “Andika hivi: nilizileta kavu, zikalowea mikononi mwenu.”

Niliandika hivyo hivyo, nikampa kalamu atie sahihi.