Msukume mbele atazoea? Hapana mzazi, hapo ndo unamuongezea hofu

Msimu wa mahafali ukikaribia hapa Mbeya nasikia maneno yale yale, kuanzia Uyole mpaka Mwanjelwa: "Madam huyu mtoto anaogopa kuongea mbele za watu, dawa yake ni kumsukuma tu mbele atazoea." Jamani hapana, nimechoka kuisikia hii.

Mtoto akiogopa mwili unamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, mdomo unakauka, mikono inatetemeka, kichwani anawaza kukimbia tu. Sasa unamsimamisha ghafla mbele ya ukumbi mzima, maiki inapiga kelele, anaganda, wenzie wanacheka, anashuka analia. Alichojifunza hapo ni kwamba mbele za watu kuna hatari na kukimbia ndo kumemuokoa, kwahiyo siku nyingine hofu inakuja kubwa zaidi. Kuzoea kupo kweli ila kunakuja mtoto akipewa hofu anayoiweza, akabaki nayo mpaka ikapungua yenyewe na akamaliza alichotaka kusema. Aanze kumsimulia bibi jikoni, baadae shangazi na wajomba wakija jumapili, alafu watoto watano darasani, alafu darasa zima, mstarini iwe mwisho kabisa. Kila hatua airudie mpaka aione ya kawaida. Na aanze kwa Kiswahili, au Kinyakyusa kama ndo mnachoongea nyumbani, maana mnamtaka apambane na hofu na Kingereza kwa mpigo, kwanini lakini?

Kumuondoa kwenye ratiba kila akilia nako sio msaada, anapata nafuu ya siku hiyo tu alafu hofu inakua. Mpunguzie ukubwa wa kazi, asome hata mstari mmoja, ila asome.

Eti akariri neno kwa neno. Likimtoka moja yanapotea yote, mfundishe sentensi ya kwanza vizuri na mambo matatu ya kusema basi.

Eti fimbo itamchangamsha. Inamuongezea kitu cha pili cha kuogopa.

Eti kigugumizi ni woga. Sio, mara nyingi kinaanza kati ya miaka 2 na 5, na tafadhali msimmalizie maneno, msubirini.

Ila kama nyumbani anaongea vizuri na shule kimya kabisa, na imepita zaidi ya mwezi, ukitoa ule mwezi wa kwanza wa kuanza shule, hiyo sio jeuri wala upole. Mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Kanda, kitengo cha afya ya akili, na mwalimu wake umwambie asimlazimishe kuitikia kwa sauti, kwa sasa akinyoosha kidole inatosha.