Thamani ya tembo haipatikani kwa kugawa mapato ya langoni

Katika semina za mipango ya ardhi ninazoalikwa kufundisha, hufika wakati ambapo mshiriki mmoja, kwa kawaida ofisa mwenye nia njema kabisa, hutoa simu yake, akachukua mapato ya mwaka mzima ya hifadhi, akayagawa kwa idadi ya tembo waliohesabiwa, kisha akatutangazia thamani ya tembo mmoja. Mara ya mwisho nilikutana na hesabu hiyo ndani ya ripoti iliyokwisha kujalidiwa, tayari kutumika kuamua iwapo ushoroba, yaani njia ya kupita wanyamapori, ufungwe ili kupisha mashamba.

Dhana hiyo ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu ina sura ya hisabati na kwa hiyo haishukiwi. Sensa ya mwaka 2009 ilikadiria kwamba Tanzania ilikuwa na tembo 109,051. Ile ya mwaka 2014 ilipata 43,330. Tuchukulie kwamba mapato ya utalii hayakubadilika kati ya sensa hizo mbili. Kwa kanuni ya kugawa, kila tembo aliyesalia amepanda thamani mara mbili na nusu, na jumla ya thamani ya tembo wote haijapungua hata senti moja, yaani majangili hawajalitia taifa hasara yoyote. Mtu anayepata jibu la namna hiyo anapaswa kurudi kulitazama swali lake. Anachokihitaji mpangaji si wastani, bali badiliko: tembo mia wakitoweka katika eneo hili, ni wageni wangapi hawatakuja, na nchi itakosa nini? Hilo hujibiwa kwa kulinganisha hifadhi nyingi, zenye tembo wengi na zenye wachache. Mtafiti Robin Naidoo na wenzake walifanya hivyo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wakakadiria kwamba ujangili wa tembo ulikuwa ukiigharimu sekta ya utalii barani Afrika takriban dola milioni 25 kila mwaka. Walionyesha pia kwamba hasara hiyo pekee inatosha kuhalalisha gharama za ulinzi katika savana, lakini haitoshi katika misitu ya Afrika ya Kati, ambako mgeni anaweza kukaa siku kadhaa bila kumwona tembo hata mmoja.

Kasoro nyingine ya kugawa ni kwamba mgeni hakuja kumtazama tembo peke yake. Alikuja pia kwa ajili ya simba, nyumbu, mlima, na siku tatu za ufukweni Zanzibar. Kiingilio chake kikihesabiwa leo kwa jina la tembo, kesho kwa jina la simba na kesho kutwa kwa jina la faru, shilingi moja itakuwa imehesabiwa mara tatu. Ndiyo maana siyatumii katika mipango yale makadirio ya mwaka 2014 ya David Sheldrick Wildlife Trust ya Kenya, yanayonukuliwa kila mahali, kwamba tembo hai ana thamani ya dola milioni 1.6 katika maisha yake yote, ilhali pembe zake ni dola 21,000. Kwa kampeni ya kuamsha watu yanafaa. Kwa kuamua kuhusu ushoroba mmoja hayafai. Isitoshe, kiingilio hupangwa na kanuni, si na mizani ya nafsi ya mgeni: aliyelipa dola 70 huenda angekubali kulipa 200, na tofauti hiyo ni manufaa halisi ambayo daftari la langoni haliyaoni. Mchumi Harold Hotelling alipendekeza njia ya kuyapima tangu mwaka 1947, kwa kutazama wageni wa mbali na wa karibu wanagharimika kiasi gani kufika. Zaidi ya miaka sabini baadaye bado tunahesabu risiti.

Lakini udhaifu mkubwa wa kanuni hiyo huonekana pale ambapo lango halipo kabisa. Chura wa Kihansi, ambaye huzaa watoto kamili bila kupitia hatua ya viluwiluwi, aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, akiishi katika eneo dogo lililoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme ya megawati 180, manyunyu yalikauka. Vyura 499 walisafirishwa kwenda Marekani mwaka 2000, na mwaka 2009 spishi hiyo ikatangazwa kuwa imetoweka porini, kabla ya kuanza kurejeshwa mwaka 2012. Hakuna mtalii aliyekuwa akimlipia. Kwa kikokotoo cha simu, thamani yake ni sifuri, na kuna walioitamka sifuri hiyo mbele yangu wakicheka. Wengine hurukia upande wa pili na kudai kwamba thamani yake ni fedha zote zilizotumika kumwokoa, jambo ambalo nalo si sahihi, kwa kuwa gharama ya kulinda kitu na thamani ya kitu hicho ni namba mbili zinazopaswa kulinganishwa, na huwezi kuzilinganisha ukiwa umezifanya kuwa moja.

Wenye shaka kuhusu viumbe wasio na lango nawaelekeza India, ambako tumbusi, ndege wanaokula mizoga, waliangamizwa na dawa ya mifugo iitwayo diklofenaki. Wachumi Eyal Frank na Anant Sudarshan, katika utafiti wa mwaka 2024, walikadiria vifo vya ziada vya watu wapatao 500,000 kati ya mwaka 2000 na 2005, kwa sababu mizoga ilibaki ikioza na kuchafua maji, na mbwa wanaoeneza kichaa wakaongezeka.

Dhana nyingine huhitaji maneno machache. Husemwa kwamba kuwauliza watu wangelipa kiasi gani ili kiumbe au mazingira yasipotee ni kukusanya ndoto. Baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta huko Alaska mwaka 1989, jopo lililoongozwa na wachumi Kenneth Arrow na Robert Solow lilikubali mwaka 1993 kwamba madodoso ya aina hiyo, yakifanywa kwa masharti makali, yanaweza kuwa msingi wa kuanzia kukadiria hasara mahakamani. Masharti hayo si mapambo: katika jaribio moja, watu walioulizwa kuhusu kuokoa ndege 2,000, 20,000 au 200,000 walitaja wastani wa dola 80, 78 na 88. Kwa hiyo dodoso lisilogawa wahojiwa kwa idadi tofauti za wanyama silisomi. Na mkulima anayeshika fedha taslimu wakati wa mavuno tu aulizwe kwa siku za kazi au madebe ya mahindi. Ukimuuliza kwa shilingi utakuwa umepima umaskini wake.

Husemwa pia kwamba Kenya ilipochoma tani 105 za pembe za ndovu mwaka 2016 ilichoma utajiri. Biashara ya kimataifa ya pembe hizo imepigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989 wa nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na bei ya magendo si mali ya taifa. Iwapo moto ulipunguza ujangili au uliongeza uhaba na bei ni hoja nyingine, na hiyo inajadilika kihalali.

Mwisho, kuna wanaoniambia kwamba gharama ya wanakijiji wanaoharibiwa mali na wanyamapori tusiihesabu kwa sababu imekwisha kulipwa. Nchini Tanzania malipo hayo huitwa kifuta jasho na kifuta machozi, na kanuni zenyewe haziyaiti fidia. Shamba lililoliwa usiku mmoja, usiku wa kulinda mahindi na mtoto aliyekosa shule kwa kulinda huko huingia katika hesabu kwa ukamilifu wake, upande uleule wa daftari unaobeba mishahara ya askari wa wanyamapori.