Je, wajua kwa nini kuna watoto wasioshiba kamwe?

Mwaka 1956 madaktari watatu wa Zurich, Uswisi, Andrea Prader, Alexis Labhart na Heinrich Willi, waliwaeleza wenzao kuhusu watoto ambao hadithi zao zinafanana. Leo ugonjwa wao huitwa Prader-Willi. Mtoto huzaliwa mlegevu, ukimwinua mikono inaning'inia, na kunyonya ni shida hadi wengine hulishwa kwa mrija. Miaka michache baadaye mambo hugeuka. Anakula, anamaliza, anatafuta tena: sahani ya mwenzake, nyama iliyoganda ndani ya friji, makombo ya kwenye pipa la taka. Kuna familia zinazofunga kabati la jikoni kwa kufuli, na wala si ukatili. Tumbo limejaa, ila ubongo haupokei habari hizo.

Majirani watasema mtoto ni mlafi, mama kamdekeza. Kumbe chanzo kiko kwenye kromosomu ya 15, na lawama kubwa huangukia RNA fulani ndogo ambazo wengi wetu hatukuzisikia darasani.

Darasani tulikaririshwa hivi: DNA hunakiliwa kuwa RNA, ribosomu huisoma RNA, protini inatoka. Ni kweli, lakini ziko RNA zisizosomwa kabisa. Zinafanya kazi zenyewe. Ukoo mmojawapo huitwa snoRNA. Ni fupi, nyingi zina herufi 60 hadi 300 tu, na makao yake ni nukleoli, lile doa unaloliona katikati ya kiini cha seli ukichungulia kwenye hadubini. Hapo ndipo karakana ya ribosomu.

Kazi yake? Mfikirie fundi cherehani anayeweka karatasi ya kipimo juu ya kitambaa, kisha anapiga chaki. snoRNA ndiyo ile karatasi. Ina kipande ambacho herufi zake zinaoana na herufi za RNA ya ribosomu, A kwa U, G kwa C. Ikishajilaza juu yake, protini iliyoandamana nayo hupiga alama. Na inapiga kwa vipimo hasa: katika kundi la C/D, protini iitwayo fibrilarini hupachika methili, kikundi kidogo cha kemikali, kwenye herufi inayokabiliana na ile ya 5 ya snoRNA ukihesabu kutoka kisanduku D, kipande kifupi cha herufi maalumu ndani ya snoRNA hiyo. Si ya 4, si ya 6. Kundi la pili, H/ACA, hutumia protini diskerini kuigeuza U kuwa sudoyuridini, ambayo ni U ileile iliyogeuzwa upande na kushikiliwa upya. (Jina hilo si geni sana: Katalin Karikó na Drew Weissman, washindi wa Nobel ya 2023, waliitumia sudoyuridini kuituliza kinga ya mwili isiishambulie RNA ngeni, na chanjo za RNA za UVIKO-19 zikatumia ndugu yake wa karibu.) RNA za ribosomu ya binadamu zina alama karibu 100 za kila moja ya aina hizi mbili, methili na sudoyuridini.

Kinachonifurahisha zaidi ni mahali zinapotoka. Nyingi zimefichwa ndani ya introni, vipande ambavyo seli hukata na kutupa inapoandaa RNA ya jeni nyingine. Fundi anaokota vitambaa vilivyoanguka chini ya cherehani, anapata karatasi zake za kipimo humohumo.

Diskerini ikiharibika, kucha hudhoofika, ulimi huota mabaka meupe na uboho huchoka kutengeneza damu. Jeni yake ilihusishwa na ugonjwa huo mwaka 1998. Protini hiyo pia hushikilia RNA ya telomerasi, inayolinda ncha za kromosomu, kwa hiyo pigo moja linaumiza pande mbili.

Turudi kwa mtoto wetu. Kwenye kromosomu ya 15 kuna snoRNA ya kundi la C/D iitwayo SNORD116, imerudiwa karibu mara 30, nakala baada ya nakala. Ajabu ni kwamba nakala tulizorithi kwa mama zimezimwa. Zinazofanya kazi ni za baba peke yake. Kipande cha baba kikikatika, au mtoto akirithi kromosomu zote mbili kwa mama, hakuna wa kuziba pengo. Mwaka 2008 watafiti walieleza mtoto aliyepoteza kipande kidogo tu chenye SNORD116, huku jeni jirani za protini zikibaki. Dalili kuu za ugonjwa alikuwa nazo.

Sasa, SNORD116 haina mahali panapojulikana pa kupiga chaki kwenye ribosomu. Wanasayansi huiita yatima, na bado wanabishana inaielekeza RNA gani ndani ya ubongo.

Mwaka 2025 Marekani iliidhinisha dayazoksaidi kolini kupunguza njaa hiyo kwa wagonjwa wa kuanzia miaka 4. Dawa hairudishi SNORD116 iliyopotea. Kipimo cha DNA, kinachoangalia alama za methili kwenye eneo hilo, huwabaini karibu wagonjwa wote, tena mtoto akiwa bado mchanga na mlegevu, kabla ya njaa kuanza. Akigundulika mapema huweza kuanzishiwa homoni ya ukuaji, na wazazi hupata muda wa kupanga jiko lao.